Kusoma Nje ya Mtihani: Vitabu vya Kiswahili kwa Watu Wazima na Watoto

Wasomaji wengi wa Kiswahili nchini Tanzania na Kenya walikutana na riwaya yao ya kwanza darasani, nao waliisoma kwa sababu ilikuwa na swali lake katika mtihani. Kitabu cha namna hiyo huitwa kitabu teule, yaani kazi ya fasihi iliyochaguliwa na mamlaka ya elimu ili itahiniwe, na hutofautiana na kitabu cha kiada, ambacho hufundishia somo lenyewe, na kitabu cha ziada, ambacho humwongezea mwanafunzi maarifa. Utaratibu huo umeitendea fasihi ya Kiswahili hisani kubwa, kwa kuwa umewapa wachapishaji soko la uhakika na waandishi wasomaji wapya kila mwaka. Lakini umejenga pia mazoea ya kusoma kwa ajili ya kuorodhesha dhamira, wahusika na mafunzo, na mazoea hayo yakishamkaa mtu, kitabu hufungwa siku ya mtihani wa mwisho na hakifunguliwi tena.

Mapendekezo yanayofuata yanakusudia kukitoa kitabu katika kifungo hicho na kukirudisha nyumbani, mahali ambapo hakuna anayedai majibu. Yamejengwa juu ya hoja moja, kwamba ubora wa kitabu peke yake hautoshi, bali kitabu sharti kimfikie msomaji kwa wakati wake, maana kazi ileile inayomkeshesha mtu wa makamo inaweza kumchosha kijana wa kidato cha pili hata akaamini kwamba kusoma si jambo lake. Kwa sababu hiyo vitabu havikupangwa hapa kwa ukubwa wa sifa zake, bali kwa namna msomaji anavyoweza kuvifuata, akianza na vile vinavyobebwa na matukio na kuendelea hadi vile vinavyobebwa na fikra.

Watoto wadogo: kusikia kabla ya kusoma

Mtoto ambaye hajajua kusoma tayari ni mpokeaji wa fasihi, kwa kuwa anaweza kusikiliza, na vitabu vinavyomfaa ni vile ambavyo mtu mzima anaweza kuvisoma kwa sauti bila kukwama. Ngano, yaani hadithi fupi za jadi ambazo mara nyingi wahusika wake ni wanyama, zina sifa hiyo kwa asili yake, kwani zilitungwa kwa ajili ya masimulizi. Zina marudio, zina nyimbo za kuitikia, na zina sungura mjanja na fisi mlafi ambao mtoto huwatambua mara tu wanapotajwa. Mzazi anayenunua mkusanyo wa ngano anafaa kwanza asome ukurasa mmoja kwa sauti palepale dukani, kwa sababu kitabu cha mtoto chenye sentensi zinazomkata pumzi mtu mzima hakitadumu nyumbani.

Karibu na ngano ziko *Hekaya za Abunuwasi*, ambazo zimesomwa na vizazi kadhaa vya Waswahili. Abu Nuwas wa kihistoria alikuwa mshairi wa Baghdad katika karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9, lakini katika masimulizi ya pwani ya Afrika Mashariki amegeuka kuwa mtu maskini mwenye akili nyingi, anayewashinda matajiri, mahakimu na hata sultani kwa kuyageuza maneno yao wenyewe. Visa vyake ni vifupi, kila kimoja humalizika kwa mzaha, na watoto wa miaka sita hadi kumi huvipenda kwa kuwa vinawapa furaha ya kumwona mnyonge akishinda bila kutumia nguvu.

Kwa upande wa vitabu vya picha, upungufu wa miaka mingi ulianza kupungua baada ya Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzishwa nchini Tanzania mwaka 1991. Mradi huo uliwahakikishia wachapishaji ununuzi wa sehemu ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa, kisha ukazigawa nakala hizo mashuleni, na kwa njia hiyo mchapishaji aliyeogopa hasara ya kuchapa picha za rangi alipata ujasiri wa kujaribu. Familia isiyokuwa na duka la vitabu karibu inaweza kutumia pia mkusanyo wa African Storybook, unaotoka Afrika Kusini na kutoa bure kwenye intaneti hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, nazo zinaweza kusomwa kwenye simu au kuchapwa kwenye karatasi.

Wanaosoma wenyewe: miaka minane hadi kumi na mitatu

Kipindi kinachofuata ndicho chenye hatari zaidi, kwa kuwa mtoto ameshaweza kusoma peke yake lakini bado hajaamua kama anapenda kusoma. Kinachohitajika hapa ni hadithi ndefu kiasi, yenye safari, hofu na kicheko. *Marimba ya Majaliwa* ya Edwin Semzaba, iliyochapishwa mwaka 2008, inakidhi haja hiyo kwa ukamilifu: mvulana anatafuta marimba yake iliyoibwa, na utafutaji huo unamzungusha Tanzania, hivi kwamba msomaji hujifunza jiografia ya nchi bila kuhisi kwamba anafundishwa. Semzaba, ambaye watu wazima wengi wanamfahamu kwa tamthilia yake *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, aliandika kwa ajili ya watoto bila kuwashushia lugha.

Ken Walibora wa Kenya, aliyefariki mwaka 2020, aliwaachia wasomaji wa umri huu *Ndoto ya Amerika*, kisa cha wavulana waliotekwa na hamu ya kufika Marekani, ambacho huchekesha na wakati huohuo humfanya mtoto ajiulize ndoto hizo hutoka wapi. Miongoni mwa tafsiri, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kutoka kwa Lewis Carroll, na *Mwana Mdogo wa Mfalme*, tafsiri ya kitabu cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, zinafaa kusomwa na mtoto na mzazi kwa pamoja, kwa sababu zote mbili zina maana ya juu inayomfurahisha mtoto na maana ya ndani ambayo huenda ikamgusa zaidi mtu mzima.

Vijana: utambulisho na historia

Kijana wa sekondari husoma akitafuta watu wanaouliza maswali yake mwenyewe, na swali lake la kwanza kwa kawaida ni yeye ni nani. *Siku Njema* ya Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inalijibu swali hilo kwa masimulizi ya nafsi ya kwanza, yaani mhusika mkuu ndiye anayesimulia. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu aliyelelewa Tanga, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na lugha ya kitabu, iliyojaa methali na tamathali, inamfundisha kijana kwamba Kiswahili sanifu kinaweza kubeba uchungu na mapenzi bila kukauka.

Kwa anayependa historia, M. M. Mulokozi aliandika *Ngome ya Mianzi*, kitabu cha vijana kinachowarudisha katika vita vya Wahehe wa Mtwa Mkwawa dhidi ya Wajerumani, na faida yake ni kwamba mambo ambayo vitabu vya shule huyaeleza kwa tarehe, chenyewe kinayaonyesha kwa macho ya watu wadogo waliokuwemo. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ni fupi na ina majini, safari za baharini na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Kijana anayeianza kwa hofu ya jina kubwa la mwandishi hugundua haraka kwamba anasoma hadithi ya ajabu ya aina ya *Alfu Lela Ulela*, na kwa hivyo kitabu hicho ndicho njia nyepesi ya kumfikia mwandishi huyo.

Watu wazima: kuanza na upelelezi

Mtu mzima aliyeacha kusoma tangu shuleni hafai kupewa kwanza kitabu kizito eti kwa sababu kinasifiwa. Anafaa kupewa riwaya ya upelelezi, yaani hadithi inayoanza na uhalifu usiojulikana mtendaji wake na kumalizika kwa ufumbuzi, kwa kuwa muundo huo humvuta msomaji mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye mwasisi wake katika Kiswahili. *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960, kilimleta Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko ambaye hufikiri huku wengine wakishtuka. Mauti yanatokea kwenye mzimu, majirani wanayaeleza kwa nguvu zisizoonekana, na Bwana Msa anayaeleza kwa akili. Msomaji wa leo atakuta humo si fumbo tu bali pia Kiswahili cha mazungumzo ya Unguja katika ubora wake. Vipo vingine vya mpelelezi huyo, vikiwemo *Kisima cha Giningi* na *Duniani Kuna Watu*.

Baada yake kulizuka riwaya pendwa, jina linalotumika kwa vitabu vilivyoandikwa zaidi kwa ajili ya burudani ya umma kuliko kwa ajili ya uhakiki. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, Elvis Musiba akamwumba jasusi Willy Gamba katika *Kufa na Kupona*, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Wahakiki waliwahi kuvidharau vitabu hivi, lakini vilisomwa kwenye mabasi na mabwenini na kuazimwa hadi majalada yakachanika, na kwa hiyo vimefanya kazi ambayo vitabu vingi vilivyosifiwa havikuifanya, yaani kuwazoesha watu kukaa na kitabu.

Zanzibar na riwaya ya jamii

Msomaji aliyekwisha kuzoea kurasa mia mbili anaweza sasa kuingia katika kundi la riwaya ambalo pengine ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote katika Kiswahili, nalo lilitoka kwa waandishi waliozaliwa Unguja na Pemba. *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, inamfuata binti wa mwenye mashamba anayekataliwa na baba yake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na mwandishi anaionyesha dhuluma ya kitabaka na ya rangi kwa sentensi zilizopimwa kwa uangalifu, bila kupaza sauti. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inamhusu Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, mwanasiasa anayemfungia mwanawe ndani huku yeye mwenyewe akiishi maisha ya siri mjini. Kufungiwa huko ndiko kunakomwangamiza, na baba mwenye kudai kulinda heshima ndiye anayeivunja.

Adam Shafi ndiye anayefaa zaidi kwa msomaji anayetaka kuijua historia ya visiwa hivyo kupitia watu wa kawaida. *Kasri ya Mwinyi Fuad* inaonyesha maisha ya watumishi katika shamba la bwana mkubwa kabla ya mapinduzi ya 1964, *Kuli* inaeleza kuamka kwa wapakizi wa bandarini hadi mgomo wa mwaka 1948, na *Vuta N'kuvute*, iliyochapishwa mwaka 1999, inamleta Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi umri sana, anayeikimbia ndoa hiyo na kukutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Anayeianza *Vuta N'kuvute* anaweza kuifuatisha na filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Amil Shivji na kutolewa mwaka 2021, kisha akaamua mwenyewe ni nini kilichopatikana na nini kilichopotea katika uhamisho huo.

Waandishi wawili wanaohitaji mpangilio

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, huwashinda wasomaji wengi kwa sababu huanziwa mahali pasipofaa. *Nagona* na *Mzingile*, alizozitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni fupi, lakini hazina mfululizo wa kawaida wa matukio. Zinaendeshwa na ndoto, ishara na mjadala wa kifalsafa, na anayezianza bila maandalizi hudhani kwamba kosa ni lake. Njia iliyo bora ni kuanza na *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, ambayo inamhusu msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba na kuharibikiwa anapopata uhuru asiofundishwa kuutumia, na ambayo kwa muda ilizuiwa kutumika shuleni kwa uwazi wake kuhusu mambo ya ngono. Kwa sababu hiyo inawafaa vijana wakubwa na watu wazima. Hatua inayofuata ni *Kichwamaji*, yenye msomi Kazimoto asiyeona tena maana ya maisha, kisha *Gamba la Nyoka*, ambayo inaichunguza siasa ya vijiji vya ujamaa. Msomaji aliyepitia vitabu hivyo vitatu huyaona maswali ya *Nagona* kuwa ni yaleyale, ila yamevuliwa nguo za hadithi.

Shaaban Robert, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, ana tatizo la kinyume chake, kwa kuwa kila mtu anamjua na wachache wanamsoma. *Kusadikika*, ya mwaka 1951, ni istiara, yaani kisa ambacho matukio yake yanasimama badala ya mambo mengine yasiyotajwa. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria katika nchi iliyo angani, na utetezi wake mbele ya mfalme ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Kitabu kilitungwa chini ya ukoloni na wengi wamekisoma kama shutuma dhidi yake, lakini hakijachakaa, kwa kuwa hofu ya watawala kwa watu wanaotoka safarini na mawazo mapya haikuondoka na wakoloni. Asiyevutiwa na mafumbo anaweza kuchagua *Wasifu wa Siti binti Saad*, maisha ya mwimbaji wa taarabu aliyepanda kutoka umaskini wa shamba hadi kurekodi sahani za santuri Bombay.

Pembeni ya wawili hao asimame Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyekamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya kubwa ya maisha ya kale ya kisiwa chake, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali* ilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ni ndefu, inaenda polepole, na inaeleza kilimo, uvuvi, tiba, ndoa na maziko kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba asipoyaandika yatasahaulika; inamfaa msomaji mwenye subira, hasa wakati wa likizo.

Mashairi, tamthilia na tafsiri

Ushairi husomwa vizuri zaidi kwa sauti na kidogo kidogo. *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa katikati ya karne ya 19 na mama wa Pate kwa ajili ya binti yake, unaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo marefu kati ya mama na mabinti wa leo, ambao hawatakubaliana na kila wasia uliomo. *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa gerezani, ambako mshairi alifungwa miaka mitatu kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali ya Kenya, nayo inathibitisha kwamba vina na mizani, yaani ulinganifu wa sauti za mwisho na wa hesabu ya silabi, haviizuii hasira ya kweli kusema. Kwa upande wa tamthilia, *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inayohusu mwanzo wa vita vya Maji Maji, inaweza kugawanywa kwa wanafamilia, kila mmoja akachukua mhusika wake.

Tafsiri nazo si vitabu vya daraja la pili. Julius Nyerere alimtafsiri Shakespeare katika *Julius Caezar* na *Mabepari wa Venisi*, Fortunatus Kawegere akamleta George Orwell kwa *Shamba la Wanyama*, na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, imemrudisha nyumbani Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 na ambaye huandika kwa Kiingereza. Kisa chake cha Yusuf, mvulana aliyewekwa rehani kwa tajiri wa misafara kwa sababu ya deni la baba yake, kinatokea pwani na bara ya Tanzania ya leo, na wasomaji wengi watayatambua majina, vyakula na salamu zake kwa urahisi kuliko walivyoweza katika lugha ya asili ya kitabu.

Namna ya kuitumia orodha

Orodha ndefu inaweza kuogofya kama silabasi, na hilo lingekuwa kurudi kulekule kulikokimbiwa. Familia haihitaji kununua vitabu vyote. Inatosha kuanza na vitatu, kwa mfano *Hekaya za Abunuwasi* kwa mtoto, *Siku Njema* kwa kijana na *Mzimu wa Watu wa Kale* kwa mtu mzima, kisha kubadilishana. Vitabu ambavyo havipatikani madukani, kwa kuwa baadhi ya vile vya zamani huchapwa upya kwa nadra, hutafutwa katika maktaba za mikoa, kwa wauza vitabu vilivyotumika, au kwa majirani walimu, ambao mara nyingi ndio wenye akiba ambayo hakuna anayeiulizia.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa na wazazi. La kwanza ni kwamba msomaji wa nyumbani ana haki ya kukiacha kitabu kisichomvutia, mtoto kwa mkubwa, kwa sababu kulazimisha umalizaji ndiko kunakoyarudisha mazingira ya darasa. La pili ni kwamba swali la kumwuliza mtoto aliyemaliza kitabu lisiwe amejifunza nini, bali ni nani aliyempenda, nani aliyemchukia na angefanya nini badala yake, maana maswali hayo hayana jibu moja sahihi, na mzazi anayeyauliza hulazimika naye kukisoma kitabu hicho ili aweze kubishana.